Malengo ya Lolita kwa mwaka mzima ukiwa Mwanza: kununua, kushona au kuvaa?

Kila Januari sisi tunaovaa Lolita tunashika daftari tunaandika mwaka huu nataka hiki na kile, afu ukiangalia orodha za wengi unakuta ni jambo moja limejirudia tu, nanunua gauni lile, nanunua viatu vile, nanunua begi la umbo la moyo, yaani malengo yote ni manunuzi. Sio vibaya, ila kwa sisi tuliopo Rock City naona kuna aina tatu za malengo na inabidi uzipime kwanza kabla hujaandika chochote, kwasababu kila moja inakula hela yake na muda wake, na kuna mambo ambayo yapo mikononi mwako na mengine hayapo kabisa. Msimamo wangu nausema mapema: aliyekwisha kuwa na seti hata moja aanze na lengo la kuvaa, anaeanza kabisa aanze na kushona, na kununua kuwe na nafasi ya mwisho kwa wote, kitu kimoja kwa mwaka basi.

Kwa ambae anausikia huu mtindo kwa mbali, ni mavazi yaliyotokea Japani, yakakolea mitaa ya Harajuku pale Tokyo. Brandi ya Baby, The Stars Shine Bright ilianza 1988, Innocent World ya Osaka 1998, na 1999 Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, akaanzisha Moi-même-Moitié ambayo ndo ilibeba sana upande wa gothiki, yaani ule wa rangi nyeusi na za giza. Sketi imetuna mfano wa kengele na inafika magotini, blauzi imefunga hadi shingoni, soksi ndefu, kichwani utepe au boneti (kofia ya kufunga kidevuni), na chini ya sketi kuna gagulo ndo linalobeba umbo lote. Ni nguo ya staha kabisa, unaingia nayo kanisani na hakuna mama wa kukuvuta pembeni akupe kanga ya kujifunika.

Kununua

Hili lengo linavutia kwasababu lina picha. Unaiona printi, yaani michoro ya kitambaa cha gauni, unaipenda, unaiandika. Shida ni kwamba gauni jipya la brandi kama Angelic Pretty mara nyingi ni yen 30,000 au zaidi, ukibadilisha kwa shilingi ni zaidi ya laki nne na hapo hujalipa usafiri, na ukifika forodha ushuru hawapigi juu ya bei ya gauni peke yake, wanajumlisha na gharama ya kulisafirisha na bima, afu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Kwahiyo mtu akiandika "mwaka huu nanunua magauni matatu ya brandi" inabidi ajue anaandika karibu bei ya kiwanja cha nje ya mji, na hapo mwenye nyumba anataka kodi na wadogo zako wanataka ada.

Njia ya Uchina ni nafuu zaidi, brandi za Taobao, soko la mtandaoni la huko, zinashona vizuri sana siku hizi na wengi wetu ndo tunakoanzia. Ila jua zinavyofanya kazi. Nyingi zinauza kwa oda ya kabla, unalipa dhamana kwanza, wanakusanya oda, wanashona, afu baada ya miezi wanakuita umalizie salio, ndo mzigo utoke. Wenye akili wanaunganisha na maejenti wa Kariakoo wanaotoa mizigo Guangzhou, unampa muuzaji anuani ya ghala la ejenti kule, gauni linakaa na mizigo ya wafanyabiashara mpaka linashuka Dar, afu linapanda basi hadi stendi ya Nyegezi. Inafanya kazi, lakini hesabu miezi. Gauni ulilolipia dhamana mwezi wa tatu linaweza kukukuta mwezi wa tisa, na kama lengo lako lilikua kulivaa Juni basi lengo limeshakufa na we hujafanya kosa lolote.

Kuna pia mtumba wa Japani. Closet Child ni duka kubwa la mtumba wa nguo hizi, na kuna Mercari ambako wajapani wenyewe wanauziana, huko unahitaji mtu wa kati mwenye anuani ya Japani akununulie. Bei inashuka sana hasa kwa printi za miaka ya nyuma, na wajapani wanatunza nguo, doa dogo la chai kwenye pindo wanaliandika na kulipiga picha. Kitu cha kuangalia ni vipimo. Magauni mengi ya brandi yana saizi moja, na kinachookoa ni ile lastiki ya mgongoni inayovutika, kwahiyo shika futi ya fundi upime kifua na kiuno chako vizuri, afu linganisha na sentimita walizoandika, usiende kwa macho. Miili yetu ya Kanda ya Ziwa mingi imejaa kifuani na mikononi, blauzi ya brandi inabana kwapani hata kama gauni limekukaa, na ndo maana nasema blauzi usinunue nje, blauzi shona.

Kushona

Hapa nitakaa kidogo kwasababu naona ndo penye utajiri na watu wanapapita haraka.

Mwanza tuna mafundi wengi wazuri na vitambaa tunavyo. Zunguka maduka ya Makoroboi utapata pamba, utapata lesi, utapata ogenza na neti zile za wapambaji wa harusi, na hizo za mwisho ndo dhahabu kwa mtu wa Lolita kwasababu gagulo linatoka hapo. Gagulo la dukani nje ni ghali na linasinyaa njiani, wakati la kushona hapa ni hesabu ndogo tu. Unakata vipande vitatu vya urefu wa kama sentimita 15 kila kimoja bila kuhesabu mshono, cha juu kiwe na mzunguko wa mita 1.2, cha kati mita 2.4, cha chini mita 4.8, kila cha chini unakikusanya marinda hadi kilingane na cha juu yake, lastiki kiunoni, umemaliza. Ukitaka litune vizuri weka tabaka mbili, na kwa ogenza yenye upana wa mita moja na nusu, mita mbili na nusu zinatosha tabaka zote mbili. Ndani shona kitambaa cha pamba nyepesi, tafadhali usiache hii hatua, neti ngumu inakwaruza mapaja na inashika soksi na kwa joto letu utavua gagulo saa sita mchana ukiwa hadharani. Ogenza ni laini na inapitisha hewa, neti ngumu inatuna zaidi ila inachosha, kwa Mwanza mimi nipo upande wa ogenza.

Fundi wangu wa Kirumba ni mama mtu mzima. Nilipompelekea picha ya kwanza nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaivuta simu karibu na macho akauliza, "Hii unasimamia harusi ya nani?" Nikamwambia hapana mama, ni yangu ya kutembelea. Akaikuza picha kwenye pindo la sketi, akawa anahesabu marinda kwa kidole, akasema, "Haya, ila kitambaa usilete mita mbili. Marinda haya yanakula." Na ni kweli yanakula, gauni moja lisilo na mikono la kuvaa juu ya blauzi, lile tunaloita JSK, linataka mita 3 hadi 4 kwasababu mzunguko wa pindo ni mara mbili hadi tatu ya kiuno, bado hujaweka rinda la chini.

Sa ukichagua malengo ya kushona kuna vitu vya kumwambia fundi mapema, tena kwa kumwonyesha, maana mafundi wetu wamezoea gauni la kubana kiuno na kufuata nyonga na mkono wake utaenda huko huko. Mwambie sketi ianzie kiunoni kwenyewe isishuke. Mwambie asiweke satini inayong'aa, hata kama yeye anaona inapendeza, kwasababu Lolita na mng'aro wa nguo ya kusimamia harusi haviendani, pamba ya kawaida yenye rangi iliyotulia inaonekana ya gharama kuliko satini. Lesi usichukue ile ya nailoni inayong'aa na kukwaruza, tafuta ya pamba, hata kama utapata mita chache weka kwenye kola na mikono peke yake. Na kitenge? Kinawezekana, nimeona watu wanakifanyia sketi nzuri mno, chagua chenye maua madogo au michoro iliyopangika, kwasababu michoro mikubwa ikishakusanywa marinda inapotea yote.

Mitumba nayo iingie hapa hapa kwenye kushona, sio kwenye kununua, maana kitu cha soko la Mlango Mmoja mara nyingi kinahitaji mkono wa fundi kidogo ndo kiwe cha Lolita. Siku wanafungua mabelo, wahi asubuhi, tafuta blauzi nyeupe zenye kola ya duara, mapazia ya lesi ya pamba (ndio, mapazia, lesi yake ni bora kuliko nyingi za dukani), sweta fupi za vifungo, viatu vya mkanda vyenye kichwa cha duara. Blauzi moja ya mtumba ukiiongezea lesi ya pazia kolani na lastiki mikononi inakua blauzi ambayo ungeinunua nje kwa bei ya kuumiza.

Ubaya wa lengo la kushona ni fundi mwenyewe. Desemba usimguse, ana nguo za Krismasi, kuelekea Pasaka na Idi hivo hivo, na kabla shule hazijafunguliwa ana sare. Kwahiyo malengo ya kushona yana msimu wake, Februari, na Juni hadi Septemba. Kama una cherehani yako nyumbani hilo halikuhusu sana, ila we mwenyewe unajua umeme.

Kuvaa

Hili wengi hawaliandiki kabisa na ndo nalipenda kuliko yote. Lengo la kuvaa ni kama: kila nguo niliyonayo itoke nje mara mbili kabla ya Desemba. Au: kodineti moja mpya, yaani mpangilio mzima wa nguo toka kichwani hadi miguuni, kila mwezi bila kununua kitu. Hesabu ni rahisi, ukiwa na magauni mawili, blauzi tatu na soksi za aina tatu tayari una kodineti 18 tofauti, na hapo hujagusa utepe wa kichwani wala begi. Mtu mwenye magauni mawili anaweza kumaliza mwaka mzima bila kurudia mwonekano, lakini watu wanalalamika hawana nguo.

Kwa Mwanza lengo la kuvaa linakulazimisha ufikirie hali ya hewa na usafiri, na hapo ndo unajifunza Lolita ya hapa kwetu. Kuna siku mbili kila mwaka ambazo wavaaji duniani wanazishika kama siku ya Lolita ya kimataifa, Jumamosi ya kwanza ya Juni na Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Zinatufaa sana kwasababu zinagawa mwaka katikati, na zinaangukia misimu tofauti kabisa. Juni mvua zimeisha, anga safi, vumbi kiasi, unaweza kuvaa rangi za maziwa na nyeupe ukaenda Capri Point jioni au ukavuka na boti kwenda Saanane ukarudi hujachafuka. Desemba ni mvua, pindo jeupe usijaribu, hapo ni wakati wa gothiki au klasiki (upande uliotulia, wa kizamani) ya rangi ya zambarau iliyoiva, kahawia, kijani cha giza, na mwavuli uwe wa kweli wa kuzuia mvua, ule wa lesi uuache nyumbani.

Upepo wa ziwa usiusahau. Mchana unapanda kutoka majini na ukisimama juu ya miamba sketi yenye gagulo inabebwa yote, kwahiyo kaptula ya ndani yenye lesi, ambayo wenzetu wa nchi za baridi wengine wanairuka, huku ni lazima. Joto nalo, panga kutoka asubuhi hadi saa nne au kuanzia saa kumi jioni, blauzi ya mikono mifupi ya pamba, soksi za kuishia chini ya goti badala ya taitsi.

Na usafiri jamani. Bodaboda na gagulo haviendi, sio swala la kupendeza, kitambaa kinaweza kuingia kwenye mnyororo au tairi ukaumia vibaya. Daladala gagulo litakalia nafasi ya watu watatu na konda hatakuelewa. Bajaji ndo rafiki, au beba gagulo kwenye mfuko limekunjwa, ulivae ukifika chooni pale Rock City Mall, linatuna tena ukilikung'uta. Hizi gharama za bajaji ndo bajeti ya lengo la kuvaa, ukiandika lengo uziandike nazo.

Ukifanya lengo la kuvaa weka daftari dogo, picha moja na mstari mmoja: nini kilibana, nini kilidondoka, mtu aliuliza nini. Utepe unaoteleza kwenye nywele zilizosukwa, kola inayoacha rangi shingoni, hayo huyajui mpaka uvae saa tatu nzima juani. Ndo maana naliweka lengo hili mbele, kwasababu linakupa taarifa za kweli za nini ununue au ushone baadae, wakati orodha ya matamanio ya simuni inakupa picha za mwili wa mtu mwingine kwenye hali ya hewa ya kwingine.

Ukiziweka pamoja

Kwa hela, kununua ndo ghali na gharama zake hazipo mikononi mwako, yen ikipanda au usafiri ukipanda lengo linahama. Kushona kunakula hela kidogo kidogo, mwezi huu kitambaa, mwezi ujao lesi, mwezi wa tatu ufundi, na hiyo inaendana na mtu ambae kipato chake hakiji kwa mpigo, mfano mwanachuo wa Malimbe au mwenye genge lake. Kuvaa ni nauli na sabuni.

Kwa muda ni kinyume kidogo, kununua hakukuchoshi, unalipa unasubiri, wakati kushona kunakutaka uende kwa fundi kupima, urudi, urekebishe, na kuvaa kunakutaka Jumamosi zako zenyewe. Mtu mwenye zamu hospitali au anaeuza duka siku saba nadhani asijiwekee kodineti ya kila mwezi, itageuka deni, ajiwekee hizo Jumamosi mbili za Juni na Desemba na siku moja ya kwake ya kuzaliwa.

Kwa uhakika wa kutimia, kuvaa kunashinda mbali sana. Kwa ubora wa kitu unachobaki nacho, kununua kunashinda, nasema kweli, printi ya brandi imechorwa kwa ajili ya lile gauni, maua yanaishia pale pindo linapoishia, na fundi hawezi kukufanyia hivo kwa kitambaa cha mita. Kama moyo wako upo kwenye printi basi usijidanganye na kushona, weka akiba ununue moja. Ila kama moyo wako upo kwenye klasiki au gothiki ya rangi moja, kushona kunakupa kitu kilekile na kinakukaa vizuri zaidi.

Na kuna swala la watu. Kununua unafanya peke yako na simu. Kushona kunakupa fundi na majirani zake pale barazani. Kuvaa ndo kunaleta wenzako, maana mtu hawezi kujua na wewe unavaa kama nguo zipo kabatini, na hata mkiwa wawili tu Mwanza nzima wawili wanatosha kwa chai ya saa kumi.

Kwahiyo mgawanyo wangu ni huu. Anaeanza mwaka huu, lengo la kwanza gagulo, la pili blauzi ya mtumba iliyorekebishwa, la tatu sketi ya rangi moja, vyote viwe tayari kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Juni, afu nusu ya pili ya mwaka iwe ya kuvaa hizo hizo. Usianze na gauni la printi, bila gagulo gauni la laki nne linaning'inia tu. Aliye na nguo tayari, nusu ya kwanza avae kila kitu, Juni akae na daftari lake aone pengo liko wapi, alipie dhamana au amwone fundi mwezi huohuo ili kitu kifike kabla ya Desemba. Na mwenye mshahara mzuri ambae kununua hakumuumizi, aandike gauni moja kwa jina lake na kiwango cha juu kabisa atakacholipa pamoja na forodha, akikuta limevuka hapo aliache.

Januari yenyewe sikushauri utoe hela kwa lolote kati ya haya, ada na sare zinamaliza kila kitu na fundi hana nafasi. Toa nguo zote kitandani, gagulo litundikwe kichwa chini lirudishe mtuno, kagua vifungo na lesi zilizochomoka, vya kushona kwa mkono uvishone mwenyewe jioni, na vinavyohitaji cherehani viweke kwenye mfuko mmoja vya kupeleka Februari.